Chiriku wa Mize na Tongosimba Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Chiriku!

Na aimbe!

Zimwi!

Lipite mbali!

Basi, hapo kale palikuwa na mama mmoja, Bi Siwatu, na binti yake wa pekee, Mize. Mize alifuga chiriku wa manjano katika tundu la fito. Kila alfajiri chiriku aliimba. Ng'ambo ya kijito lilikaa zimwi, na kila liliposikia wimbo ule, miguu yake ilikuwa mizito kama mawe ya kusagia. Halikuweza kuvuka.

Siku moja Bi Siwatu akarudi kutoka matangani na mtoto yatima, jina lake Chausiku. Mkononi Chausiku alishika kikapu, na ndani yake tongosimba wawili, wale ndege wadogo wa kahawia wenye matumbo meupe.

"Mize mwanangu, huyu ni mdogo wako," mama akasema. "Ndege wake watakaa na ndege wako. Kupendana ni kula chombo kimoja."

Akawatia wote tundu moja, bakuli moja la mtama, kiota kimoja.

Jioni mama akampa Chausiku nusu ya ukoko. Mize akasema moyoni, "Ukoko wangu umekuwa wetu."

Wakatandikiwa pamoja. Mize akasema moyoni, "Mkeka wangu umekuwa wetu."

Asubuhi mama akamsuka Chausiku nywele, polepole, asimuumize. Mize akasema moyoni, "Mama yangu amekuwa mama yetu." Hilo la tatu likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tunduni nako hakukukalika. Tongosimba hupenda kukaa wamebanana, basi wakamfuata chiriku wambane. Chiriku hupenda kukaa peke yake, basi akawadonoa. Nao wakamnyofoa manyoya wakatandika kiota. Chiriku akajikunyata pembeni, akanyamaza.

"Dada Mize," Chausiku akasema, "chiriku wako hana raha. Tumtengee upande wake, na bakuli lake."

"Usinifundishe ndege wangu! Umekuja jana tu, leo fundi?"

Siku ya kwanza chiriku hakuimba. Zimwi likatia mguu kijitoni.

Siku ya pili hakuimba. Zimwi likafika kisimani.

Siku ya tatu hakuimba. Zimwi likafika uani, likamkuta Mize anatwanga kwa hasira.

"Mjukuu wangu, mbona unakipiga kinu kama mwizi?"

"Kila changu kimegawanywa nusu."

"Kumbe ni hilo tu! Nitamchukua huyo mwenye tongosimba. Lakini mimi nina adabu zangu, siingii nyumba ya watu bila kukaribishwa."

Mize akatazama huku na huku. Akasema kwa sauti ndogo, "Kesho mama akienda shamba. Karibu."

Kesho yake zimwi likaja na gunia. "Mmoja wenu ni wangu. Yupi?"

Mize akatazama chini. Chausiku akamvuta Mize nyuma yake.

"Nichukue mimi. Dada Mize ana mama, mama atalia. Mimi sina wa kunililia."

Zimwi likamtia guniani, likaenda zake.

Mize akasimama pale, machozi yakamtoka. Kisha akanyakua tundu akakimbia.

"Imba, chiriku!" Kimya.

"Imba, baba!" Kimya.

"Imba, nakusihi!" Kimya.

Ndipo alipokumbuka maneno ya Chausiku. Akatua tundu, akavua ushungi wake, akaupenyeza kati ya fito: tongosimba huku, chiriku kule. Akammiminia chiriku mtama wake peke yake juu ya jani. Chiriku akadonoa. Akajikung'uta. Akarukia kijiti cha juu, akaimba!

Zimwi lilikuwa katikati ya kijito. Mguu mmoja ukawa mzito, wa pili ukawa mzito.

"Mnyamazishe huyo ndege!"

"Mwachie mdogo wangu!"

Zimwi likazama magotini, likazama kiunoni, likazama shingoni, maji yakalifunika. Gunia likaelea. Mize akaingia majini, akalivuta ukingoni, akalifungua.

"Chausiku," akasema, "mimi ndiye niliyelikaribisha."

Chausiku akamtazama sana. "Ulinitoa nichukuliwe na zimwi?"

"Nilikutoa."

"Kisha ukanifuata?"

"Nikakufuata."

Wakalia wote wawili, kila mmoja akikamua nguo yake.

Mama aliporudi, Mize hakumficha kitu. Mama akakaa chini, akashika tama.

"Ulilofanya ni baya, mwanangu, na Chausiku atakusamehe siku atakayoweza. Lakini na mimi nilikosea. Nilidhani nikiwachanganya tu mtapendana."

Akasuka tundu la pili, akalitundika kando ya lile la kwanza. Tongosimba wakabanana kwao, chiriku akaimba kwake. Na kila Ijumaa mama alikwenda kuni na Mize peke yake, wakizungumza njia nzima. Kila Jumamosi alikwenda na Chausiku. Haukupita mwezi, Chausiku akasema, "Mama, leo twende na dada."

Hadithi yangu imeishia hapo, nanyi mliosikia ndio mashahidi. Mwenye wivu hulikaribisha zimwi nyumbani kwake mwenyewe. Nasi wazazi, kila mtoto tumpe nafasi yake.