Uso wa Nakijwa

Wapendwa, kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, huko milimani Upareni, ambaye hakuwahi kuuona uso wa mama yake. Mama huyo, Nakijwa, alifariki siku ile ile aliyomzaa. Binti akalelewa na shangazi yake, akasomeshwa, akaolewa, hakukosa kitu. Lakini kila akijitazama kwenye kioo alikuwa akijiuliza: hii pua ni ya nani? Huu mwanya umetoka wapi? Baba yake hakupenda kuulizwa, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja.

Sasa, pale mjini kulifunguliwa chumba cha kumbukumbu. Watu waliombwa kupeleka picha zao za zamani, za harusi, za vipaimara, za misiba, zitunzwe pamoja zisije zikaliwa na mchwa masandukuni. Fundi wetu aliposikia, akafunika cherehani, akamshika shangazi yake mkono, wakaenda.

Mtunzaji wa chumba, dada mmoja mpole, akawatandazia picha mezani. Fundi akawa anainama juu ya kila picha kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Wanawake wa vilemba, wanawake wa magauni ya mabega mapana, huyu anacheka, yule kanuna. Kila akiona mwanya, moyo unamruka.

"Shangazi, huyu?"

"Hapana, huyo alikuwa mke wa mwalimu."

"Na huyu je?"

"Huyo hata mimi simjui."

Mchana ukawa unaisha. Ndipo shangazi akaivuta picha moja, ya siku kanisa lilipoezekwa bati. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "mama yako huyu hapa."

Alikuwa pembeni kabisa ya umati, amekaa juu ya rundo la mbao, mama kijana. Pua ni ile ile. Wenzake wote wanaitazama kamera, yeye kainamisha kichwa, anamtazama mtoto mchanga aliyempakata, anatabasamu, na mwanya unaonekana. Binti alitazama mpaka machozi yakamziba macho. Alipokwisha kujifuta, udadisi ukamrudia.

"Huyu mtoto ni wa nani? Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Shangazi akavuta kiti, akaketi. "Mama yako alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza," akasema. "Wakati huo huo mama mmoja jirani akajifungua, akaugua, maziwa hayakutoka. Nakijwa akamchukua mtoto wa mwenzake, akamnyonyesha mpaka akakaza shingo."

"Jirani yupi?"

"Wa ng'ambo ya mfereji. Mtoto ndiye huyo mnayepakana naye mashamba."

Ndugu zangu, hapa inabidi niwaeleze. Mtu huyo na fundi wetu walikuwa hawasalimiani. Aliwahi kuyageuza maji ya mfereji wakati wa zamu ya fundi, maharage ya fundi yakakaukia shambani. Alipoulizwa, akamtolea maneno ya kumdhalilisha mbele ya kijiji kizima. Tangu hapo wakikutana njiani, kila mmoja anatazama upande wake. Hata jirani huyo alipofiwa, fundi hakwenda kumpa pole. Sasa hebu fikirini. Uso alioutamani tangu utotoni ameupata, nao umemwinamia mtu huyo.

Akamgeukia mtunzaji. "Dada, unaweza kunitolea nakala, ukamkata huyu mtoto? Namtaka mama peke yake."

Mtunzaji akaitazama picha vizuri. "Naweza, mama. Ila nikimkata mtoto, mikono ya mama yako nayo inakwenda. Na hutajua tena alikuwa anamchekea nani."

Mngekuwa ninyi, mngejibu nini? Yeye aliitazama tena mikono ile iliyompakata mtoto. Kisha akasema, "Basi usikate. Nitolee nakala mbili."

Jioni hiyo akabisha hodi kwenye mlango ambao hakuwa ameugusa kwa miaka. Jirani akafungua, akasimama pale pale bila kumkaribisha. Fundi akamnyooshea picha. "Huyu ni mama yangu," akamwambia. "Mtoto aliyempakata ni wewe. Ulikua kwa maziwa yake."

Yule mwanamume akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akaitazama, akaitazama, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Ingia ndani, dada."

Habari ya maji walikuja kuizungumza baadaye, na haikuwa rahisi. Lakini waliizungumza wakiwa wamekaa.

Na sisi je? Tunafunga, tunakesha, tunaimba, "Baba, tuonyeshe uso wako." Kila mmoja anataka Mungu amtazame yeye tu. Je, siku akituonyesha, tukamkuta amempakata yule tusiyemsalimia, tutamwomba amkate? Tutabaki na Mungu gani, asiye na mikono?

Mtu huyo unamjua. Pengine yuko humu humu, benchi la nyuma yako. Leo tukitoka, nitasimama mlangoni kama kawaida. Kabla hujanipa mimi mkono, mpe yeye kwanza. Mimi nitasubiri.