Kasisi wa Wethercote na Mawe Kumi na Moja

Mlipita pale. Msiniambie hamkuona. Bi Nyangeta alikuwa amesimama peke yake shambani kwake, pale panapopakana na malisho yetu ambako alama za mpaka zimeng'olewa, anabishana na wapima ardhi, nanyi mkavuka kwenda upande wa pili wa barabara mkijifanya mnaongea na simu. Ndiyo, hata wewe unayesoma hapa. Shingo yako ni nyepesi kugeuka kuliko ya kuku. Jioni mkasikia kwamba mama yule aliwaambia wapimaji maneno matano, mkacheka, mkaja kuuliza yametoka wapi, kana kwamba ni kitendawili cha kupotezea wakati. Kaeni chini basi.

Laana ya mpaka huvuka bahari. Methali hii ilianza hivi.

Yapata miaka mia nne iliyopita, kule Uingereza, palikuwa na kijiji kiitwacho Wethercote. Msifikirie Uingereza ya kwenye picha. Watu wa Wethercote walikuwa mafukara kama fukara yeyote: nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, ng'ombe mmoja kwa kila familia, na malisho ya pamoja kando ya mto. Malisho yale hayakuwa na hati. Yalikuwa na mawe kumi na moja, na yalikuwa na desturi.

Desturi yenyewe ni hii. Kila mwaka, baridi ikiisha na majani yakianza kuchipua, kasisi alitembea mpaka mzima wa parokia, kijiji kizima nyuma yake. Kwenye kila jiwe alisimama, akasoma laana ya Mungu juu ya mtu anayesogeza mpaka wa jirani, na watu wakaitikia Amina. Halafu walimkamata mtoto mmoja, wakambwaga makalio juu ya jiwe mpaka alie. Hawakuwa wakatili. Walijua kwamba mtu husahau alichoambiwa, lakini mahali alipoumizwa hapasahau. Mtoto yule akishazeeka ndiye anakuwa hati. Ukizuka ugomvi, anakwenda kuapa mbele ya hakimu: jiwe lilikuwa hapa, mimi nililia hapa.

Humphrey Dacombe alilia kwenye jiwe la saba, akiwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi. Mama yake alifariki akimzaa, akanyonyeshwa na jirani, mwanamke kwa jina Alis Budge, ambaye ng'ombe wake alikula majani ya malisho yale yale. Kwa hiyo hata maziwa aliyokulia Humphrey, ya mama na ya ng'ombe, yalitoka ndani ya mawe yale kumi na moja. Alikuwa na akili. Akapelekwa shule, kisha chuo, akarudi akiwa kasisi wa kijiji chake mwenyewe. Na aliposoma ile laana kwenye mawe, watu wazima walishikana mikono kwa hofu. Mungu alikuwa amempa sauti.

Sasa, kasisi Dacombe alikuwa na ugonjwa mmoja, wa ramani. Yeye hata kuvuka mto kwa mtumbwi kulimtapisha, lakini chumba chake kilijaa barua za mabaharia na michoro ya pwani ambazo hataziona maishani. Sifa zake zikafika London, kwa wafanyabiashara waliokuwa na kampuni ya kuhamishia watu ng'ambo ya bahari kuu, kwenye nchi mpya. Mpya kwao. Meli walikuwa nazo, wahamiaji walikuwa nao. Walichokosa ni mtu wa Mungu wa kusimama mimbarini na kusema kwamba jambo hili ni jema.

Wakamwita. Alipoketi kuandika mahubiri yake, nia yake ilikuwa safi, au aliamini hivyo. Alitaka kuokoa roho. Alitaka maskini wa Uingereza washibe. Lakini katikati ya ukurasa kalamu ikakwama. Nchi ile ilikuwa na watu. Je, atawezaje kuwabariki wanaochukua ardhi ya watu, yeye ambaye kila mwaka huwalaani wasogezao mpaka hata kwa hatua moja? Alikaa na swali hilo siku tatu. Siku ya nne jibu likaja, na alipoliona alitabasamu. Watu wale hawana mawe. Hawana kasisi wa kutembea naye mpakani. Nchi isiyo na jiwe haina mwenyewe, na pasipo mwenyewe hakuna jirani, na pasipo jirani laana haina wa kumshika. Akaandika hivyo, akalala usingizi mzito.

Mahubiri yalipendwa. Yakapigwa chapa, yakawa kijitabu. Kasisi akapewa parokia ya pili iliyo nono kuliko ya kwanza, akawekewa kiti kwenye meza za wakubwa. Na kwa kuwa meli ziliondoka wakati ule ule wa majani kuchipua, kila mwaka wakati huo alikuwa London akiwaombea wasafiri. Wethercote hawakuwa na kasisi mwingine, na bila kasisi matembezi ya mpaka hayakuhesabika. Mwaka wa kwanza wakasema, atakuja mwakani. Ikawa miaka sita.

Bwana mkubwa wa eneo lile aliitwa Giles Pomfrey. Alikuwa na hisa katika kampuni ile ile, na kijitabu cha kasisi alikisoma kwa makini kuliko Biblia. Mwaka wa sita mawe yakatoweka. Yote kumi na moja. Pomfrey akazungushia malisho uzio, akaingiza kondoo wake, na ng'ombe wa kijiji wakabaki njiani wakilia. Bila malisho hakuna maziwa, na bila maziwa hakuna kijiji.

Watu wakaenda mahakamani. Wakahesabu waliolia kwenye mawe miaka thelathini na zaidi iliyopita, maana mahakama haikukubali kumbukumbu changa kuliko hiyo. Wengi walikuwa wamekufa. Walibaki wawili tu: Alis Budge, ambaye sasa alikuwa mjane anayekula sadaka ya kanisa, na mahakama haikukipa uzito wowote kiapo cha mtu kama huyo, na kasisi mwenyewe. Kijiji kizima kikawa kinaning'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Siku moja kabla ya kesi, mchana, Alis alimkuta chumbani kwake katikati ya ramani. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Humphrey," akasema. Hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo.

"Mama Alis. Nimesikia miguu inakusumbua."

"Inauma, lakini njia inaijua. Kesho utasema?"

"Nitasema kweli."

"Kweli siku hizi ina mifuko mingi. Nakuuliza kama utasema jiwe la saba lilikuwa wapi."

Kasisi akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Mambo ya mahakama si mepesi, mama. Bwana Pomfrey analeta wakili kutoka London."

"Wakili hakubwagwa makalio pale. Ulibwagwa wewe. Nikakubeba mgongoni mpaka nyumbani, ukanikojolea njia nzima. Mimi jiwe lile nalijua kwa mgongo, wewe walijua kwa matako. Huyo wakili analijua kwa kiungo gani?"

Kasisi alicheka bila kutaka, kisha akaacha. "Sikiliza. Kuna nchi ng'ambo ambako mtu kama mwanao atapata malisho mara mia ya haya. Nikiandika barua moja tu, kampuni itampokea."

"Malisho ya nani?"

"Si ya mtu."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mawe kule, Mama Alis. Hakuna alama yoyote."

Yule mwanamke alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtafuta mtoto aliyemlea ndani ya uso wa mgeni.

"Hata huku hayapo sasa," akasema.

Alis akainuka kwa shida, akaondoka.

Kesho yake mahakama ilijaa. Kasisi aliapishwa, na wakili wa Pomfrey akatoa kijitabu kwenye koti lake, akasoma kwa sauti: nchi isiyo na jiwe, wala haijatembewa na kasisi, haina mwenyewe.

"Haya ni maneno yako, baba mheshimiwa?"

"Ni yangu. Lakini niliandika juu ya wapagani."

"Sikuuliza uliandika juu ya nani. Nauliza kama ni kweli."

Kasisi Dacombe akapiga hesabu. Akisema si kweli, atakuwa ameivunja kampuni kwa mkono wake; mimbari ya London, parokia ya pili, meza za wakubwa, vyote vitakwenda. Na kibaya zaidi, kwake yeye, atakuwa amekiri kwamba kila meli aliyoibariki ilikwenda kuiba. Akisema ni kweli, malisho yamekwenda. Akamwona Alis mstari wa mbele, mikono mapajani, midomo yake ikitikisika kama anayemkumbusha mtoto somo.

"Ni kweli," akasema kasisi.

"Mpaka wa Wethercote ulitembewa lini mara ya mwisho?"

"Miaka sita iliyopita."

"Na leo mawe yapo?"

"Hayapo."

"Asante. Waweza kuketi."

Akaketi. Kuhusu jiwe la saba hakuulizwa. Naye hakusema.

Hakimu alimaliza kesi kabla ya chakula cha mchana. Kondoo wakabaki, ng'ombe wakauzwa. Nje ya mahakama watu walimpisha kasisi njia kama anavyopishwa mgonjwa wa tauni. Alis peke yake ndiye aliyemsimamisha, na hakupaza sauti.

"Ulitusomea laana ile tangu ukiwa kijana," akamwambia. "Ulidhani inaishia pwani, haijui kuogelea? Ukawaandikia wakubwa kwamba watu wa ng'ambo haiwahusu. Haya, imekwenda ng'ambo, imerudi nyumbani na kitabu chako mkononi. Laana ya mpaka huvuka bahari, Humphrey. Huenda na huja."

Hivyo ndivyo ilivyosemwa mara ya kwanza, na mwanamke ambaye mahakama haikumsikiliza.

Wengi waliobaki bila ng'ombe walitawanyika. Wengine walifia barabarani wakiomba mkate. Wengine, na mwana wa Alis akiwa mmoja wao, walipanda meli ya kampuni, na kasisi akawaombea. Kule ng'ambo wakapewa mashoka. Wakakata msitu ambao watu wengine walikuwa wameutembea na watoto wao vizazi na vizazi, wakiwaonyesha: kijito hiki, mti ule uliopigwa na radi, mwamba huu. Walikuja wazee wa nchi ile kuwaonyesha alama hizo. Waliofukuzwa Wethercote wakawafukuza, huku wakijua vizuri kabisa maana ya kufukuzwa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mnyang'anywa akajifunza kazi ya mnyang'anyi, na akaifanya kwa bidii.

Kasisi aliishi miaka ishirini zaidi, ameshiba. Kijitabu kilipigwa chapa mara nne. Lakini sheria ya kanisa lao ilimtaka kila mwaka, siku moja, asome laana zote mbele ya waumini, na ya mpaka ikiwamo. Mwaka uliofuata kesi alipanda mimbarini Wethercote, mbele ya waliosalia, akasoma kwa sauti yake ile ile: alaaniwe asogezaye mpaka wa jirani yake. Akangoja Amina. Haikuja. Akarudia. Mtu mmoja akakohoa nyuma kabisa. Kanisa zima lilimtazama tu, wazee kwa watoto, wala hawakuwa na hasira usoni, wakangoja aendelee. Ikawa hivyo miaka ishirini, kila mwaka anasoma, anangoja, anafungua ukurasa unaofuata.

Na maneno yake hayakufa naye. Wengine waliyabeba mpaka huku kwetu, mnayajua: ardhi tupu, ardhi isiyotumika, ardhi isiyo na hati. Babu zenu walipewa wimbo huo na watu waliovaa kofia za jua, na nyinyi mnaimbiwa leo na watu wanaozungumza lugha yenu na kula ugali kama nyinyi.

Kwa hiyo msiniambie mmefurahia hadithi. Inukeni sasa hivi, kabla jua halijazama. Chukueni watoto, mtembee nao mpaka wa malisho yetu kutoka mwisho hadi mwisho, mwenye kumbukumbu aonyeshe na mwenye kalamu aandike. Asubuhi twendeni wote kwenye baraza la ardhi la kata, na tusingoje kuulizwa, maana kasisi naye alingoja kuulizwa. Semeni alama zilikuwa wapi, semeni nani kazing'oa, mtajeni kwa jina hata kama ni mjomba wako, hata kama jana alikununulia soda. Anayesema halimhusu, kwa kuwa shamba ni la mwingine na liko upande mwingine, nimeshamwambia: laana ya mpaka huvuka bahari. Vaeni viatu.