Sange na Njia ya Mkuyuni

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni, maana hii haisimuliwi kwa sauti kubwa.

Hapo kale, zamani za kale, Chatu aliwala wanyama wa msitu wa Mwangeni mmoja mmoja. Waliobaki wakajificha katika shimo moja. Mwalimu Pimbi akaanzisha kisomo cha watu wazima: kila alasiri kila mmoja akariri njia saba za kutorokea, kwa mpangilio. Atakayeshindwa mara tatu atolewe nje, asije akawaponza wenzake.

Sange alikuwamo. Si panya, wala si panya-buku. Ni Sange, mwenye pua ndefu na miguu isiyotulia. Siku ya kwanza alitaja njia moja, akanyamaza. Siku ya pili alianza na ya saba, akanyamaza. Siku ya tatu hakutaja kitu.

"Mwenzangu, ulimi umeuacha wapi?" Nguchiro akamcheka.

"Mwalimu, nje yuko Chatu," Sange akasema.

"Sheria ni sheria, Bi Sange."

Wakamtoa. Naye Sange akishikwa na hofu hufagia njia, na kila asubuhi alikuwa akizifagia zote saba. Akafagia njia ya kwanza, jani hili, jani lile. Akafagia ya pili. Akafika ile ipitayo mkuyuni. Pale majani aliyoyapanga asubuhi yalikuwa yamelala upande mmoja, yamebanwa na kitu kizito, kirefu.

Angeweza kukimbia peke yake. Lakini alirudi mlangoni pa shimo, akanong'ona, "Chatu yuko njia ya mkuyuni. Anakuja."

"Huyo hata kuhesabu hajui," akasema Nguchiro. "Ya mkuyuni ni ya tano, na ya tano ndiyo salama. Tumefundishwa."

Pimbi akatoa kichwa. "Bi Sange, umejuaje?"

"Njia hizi nazifagia mimi, Mwalimu. Kila jani najua lilipo."

Mwalimu akatoka shimoni. "Basi tangulia."

Wakamfuata kimya kwa njia nyingine, pua kwa mkia. Nguchiro peke yake akashika ile ya mkuyuni, akikariri: "Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya ta..."

Hawakumsikia tena.

Kesho yake kisomo kilifanyika njiani. Pimbi hakuuliza nani hajui. Alimwuliza kila mmoja, "Wewe wajua nini?" Mahali pa Nguchiro pakabaki wazi, hakuna aliyepakalia.

Ndugu zangu, mtu mzima haendi kisomoni mikono mitupu. Mwalimu atafutaye upungufu tu, aweza kumfungia nje mwokozi wake.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Kitamu bebeni, kichungu niachieni.