Mbwa wa Bi Namsifu Aliyeitwa Wewe

Kwiii.

Sauti hiyo moja ilisikika usiku, jikoni kwa Bi Namsifu. Mmeisikia?

— Tumeisikia. Simulia.

Ni hadithi ya kuudhi. Niilete?

— Ilete, tuudhike pamoja.

Basi hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu, alikuwapo mjane aitwaye Bi Namsifu. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, na nyumba ilikuwa kimya. Siku moja msafiri akampa mtoto wa mbwa, manyoya rangi ya dhahabu, masikio yamelala. Bi Namsifu hakuwa amefuga mbwa maishani mwake.

Usiku ule mtoto akamlilia mama yake, kwiii, mara moja tu. Bi Namsifu akampapasa, na jina likamjia mdomoni. Jina tamu. Akaling'ata, akalimeza.

Kwa nini? Kwa sababu kijijini kwao jina la mbwa lilikuwa neno la kumrushia jirani. Huyu ana mbwa Mtasema, yule ana mbwa Hamniwezi. Mtu akikasirika, humwita mbwa wake kwa sauti, na jirani akaumia. Lakini jina la Bi Namsifu halikuwa la kumrushia mtu. Akaogopa kuchekwa. Akajiambia kwamba atamwita kwa jina hilo siku atakayotii. Kwa sasa atakuwa Wewe.

Wewe! Niambieni nyinyi, mtoto gani huitwa Wewe?

Asubuhi mtoto akatafuna kandambili. Bi Namsifu akaenda kwa Jogoo kuomba shauri. Jogoo, ambaye hajui kunyamaza, akamwambia apige kelele. Akapiga kelele: Wewe, keti. Wewe, keti. Mtoto akaogopa, akakojolea mkeka.

Akaenda kwa Punda. Na Punda, aliyepigwa tangu azaliwe, hakuona aibu kumshauri achukue fimbo. Akachukua fimbo: Wewe, njoo. Wewe, njoo. Mtoto akaingia chini ya kitanda, hakutoka.

Akaenda kwa Paka. Paka, tumbo limejaa maziwa, akasema amnyime chakula. Akamnyima: Wewe, tulia. Wewe, tulia. Mtoto akaruka uani kwa jirani, Mama Nakijwa, akala samaki wote.

Mama Nakijwa akaja mbio, kanga imemlegea.

"Shoga, mbwa wako ana manyoya ya sultani na adabu za panya. Akirudi kwangu tena, anahama kijiji, na wewe utamsindikiza."

Bi Namsifu akamgeukia mtoto kumgombeza. Mtoto akakaa kitako, akamtazama, akasema:

"Mama, nililetwa kwako sina meno ya kutosha. Sikujua mkeka ni nini, wala samaki ni wa nani. Hukunionyesha. Umenikemea, umenichapa, umenishindisha na njaa. Kuku wako wana majina. Hata chungu chako kilichopasuka kina jina. Mimi nije kwa lipi?"

Mtoto akaondoka, mkia chini. Akavuka kijito, akapanda mwinuko wa nyasi ndefu.

Na humo nyasini alikuwamo Fisi, amejilaza.

"Karibu, Mpenzi wangu," akasema Fisi kwa sauti laini. "Kwangu utaitwa Mpenzi kila siku. Sogea."

Mtoto akasimamisha masikio. Hakuwa amewahi kuitwa hivyo. Akasogea hatua moja.

Bi Namsifu, aliyekuwa amemfuata, akafika kando ya kijito. Akaona mgongo wa Fisi. Akaita: Wewe! Mtoto hakugeuka. Akaita tena: Wewe! Mtoto akasogea kwa Fisi. Bi Namsifu akaita mara ya tatu: Wewe! Mtoto akasogea tena, na Fisi akafungua kinywa.

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kutazama. Mama Nakijwa alikuwapo, na Jogoo, na Punda, na Paka. Wote walikuwa wametega masikio wasikie mjane atasema nini.

Hapa, wasikilizaji wangu, nawapa funzo kabla sijafunga, maana nikifunga sitafungua tena. Anayelea asidai utii mahali ambapo hajaweka upendo wala mafundisho. Na neno jema usilifiche kwa kuogopa kicheko cha watu, kwa sababu ukilificha, mwongo atalisema kabla yako, na atasikilizwa.

Nimeubeba mzigo wangu, nautua hapa. Mimi nanyamaza, aseme mwenye kusema.

Bi Namsifu akaingia majini na nguo zake, akapiga magoti, akafungua mikono mbele ya kijiji kizima, akaita jina lile alilolimeza:

"Mwenzangu."