Barabara Iliyokaguliwa kwa Karamu

Naanza kwa jina la Mola, aliyeitandaza ardhi na kuweka humo njia, na rehema zimfikie Mtume wake. Kisa hiki nilikipokea kwa bibi yangu, Mwanakheri binti Shee wa Siyu, naye alikipokea kwa mamaye.

Masikio mnayo?

Tunayo.

Mwaniazima?

Twakuazima.

Hapo kale, kale sana, Mfalme Ndovu alitoza kila nyumba pishi ya mtama ili ijengwe barabara ya kwenda Bondeni. Huko njiani kulikuwa na tope zito. Masika yaliyopita lilimmeza mtoto mmoja wa Swala, mkazi wa Bondeni. Swala alibakiwa na mtoto mmoja tu, na masika mengine yalikuwa karibu.

Kazi alipewa Ngiri, mchimbaji hodari. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mfalme huikagua barabara kwa kula karamu pale inapoanzia, mlangoni pa ikulu. Akishiba, kazi imekaguliwa.

Ngiri akajenga hatua arobaini. Mfalme akala, akashiba.

"Mbona haijafika kwetu?" akauliza Swala.

"Mawe yamepungua, mama. Niongezewe mtama."

Akaongezewa. Karamu ya pili ikaliwa, na hatua zilikuwa zile zile, zimefagiliwa upya.

"Wachimbaji waliugua," akasema Ngiri.

"Wote?"

"Wote, mama, pamoja na aliyewauguza."

Akaongezewa tena. Mara ya tatu Swala hakumuuliza Ngiri. Alimwendea Kobe, mpishi wa ikulu.

"Kaka Kobe, safari hii pikia kwetu Bondeni."

"Mfalme atafikaje?"

"Kwa barabara aliyoikagua mara mbili."

Kobe akatangulia siku tatu, akilipita tope kwa kifua. Harufu ya chakula ilipomfikia, mfalme akaondoka, Ngiri akimfuata nyuma. Alitembea hatua arobaini. Ya arobaini na moja ikamzamisha hadi magotini, iliyofuata hadi tumboni.

"Ngiri, hii ni nini?"

"Barabara, bwana wangu."

"Basi njoo usimame juu yake."

Ngiri akaja, akazama hadi shingoni.

Wanyama waliwavuta kwa kamba kutwa nzima. Mfalme akaamuru Ngiri arudishe mtama na abebe mawe mwenyewe hadi Bondeni. Akaamuru pia kwamba tangu siku ile karamu iliwe barabara inapoishia. Masika yalipoanza, mtoto wa Swala alivuka, kwato zake kavu.

Funzo ni hili: atoaye mali ya umma kwa kazi, na aitembee kazi hiyo kwa miguu yake mpaka mwisho.

Kisa kimekoma hapa. Nyinyi mlionisikiliza, Mola awape afya, awafungulie riziki, na awafikishe salama makwenu.