Gari la Plastiki la Namkunda

Namkunda, mchuuzi wa kabichi kutoka Same, alinunua gari dogo kwenye yadi ya tajiri Mbelwa mjini Moshi. Mbelwa alilisifu sana.

"Bodi ni plastiki, mama. Haishiki kutu, wala haina uzito. Usiporidhika, lirudishe ndani ya wiki nikubadilishie, mradi bodi iwe kama ilivyotoka hapa."

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini mlimani lilikohoa na kuzima na mzigo wote. Namkunda akaamua kulirudisha, ingawa majirani walimwonya kwamba Mbelwa hakosi kisingizio.

Mbelwa akalizunguka gari, akaona mlango umebonyea, akacheka mbele ya wateja.

"Pole, mama. Mlango usingebonyea, ningekupa hata ile pikapu nyekundu."

"Bila kuongeza kitu?"

"Bila kuongeza kitu! Hawa wote mashahidi."

"Na injini je? Matairi?"

"Sina shida navyo. Shida yangu ni mlango tu."

Namkunda akatoa kwenye kikapu chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, akaumwagia mlango, kisha akausukuma kidogo kwa kiganja. Plastiki ikaruka, po! Mlango ukanyooka kama mpya. Wateja wakapiga makofi.

Mbelwa akamkabidhi funguo za pikapu, uso umemshuka.

"Lakini huu mlango uligongwa na nani?"

"Na mimi, bosi, kwa goti, hapo nje ya geti. Ningelileta zima, ungetafuta kasoro ambayo siwezi kuiondoa."