Makoti ya Waridi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Anayeupita mtungi ukumbini huona udongo na kifuniko tu, bali kata huzama hadi chini na kujua kama maji ni matamu au ya chumvi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waridi na binti yake, Nasreen.

Waridi aliuza makoti ya mtumba soko la Mchikichini. Jiji lilikuwa la joto mwaka mzima, basi wenzake walimwona kituko.

"Dada Makoti, leo theluji imeanguka Jangwani?" Beno, muuza viatu wa kizimba cha jirani, alimtania kila asubuhi.

Waridi hakujua namna ya kujibu utani, basi alitazama viatu. Aliyachagua makoti kwa sababu wateja wake walikuwa wachache, wasafiri wa kwenda kwenye baridi ya Njombe na Makete, na walikuja wakijua wanachotaka. Belo, furushi kubwa la mtumba, lilipofunguliwa, wenzake walilivamia kwa makelele; yeye aliziba masikio akasubiri, kisha akaokota yaliyobaki. Watu walisema anaringa.

Mumewe, Mrisho, alipofariki, Waridi hakutoa chozi mbele za watu. Alishinda akikunja na kukunjua kanga moja. Maneno yakaenea kama moto wa makuti kwamba mjane ana moyo wa jiwe. Wifi yake, Badria, aliyashika maneno hayo. Akaapa kuwa siku ya hitima ya mwaka angemchukua Nasreen akamlee kwake Msimbazi.

Nasreen alikuwa na umri wa kuanza shule, lakini maneno yake yalikuwa machache. Alipenda kupanga vifungo vya makoti kwa rangi. Kelele zikizidi, alijigonga kichwa ukutani. Waridi alimpeleka kliniki, na Daktari Hyasinta akaanza kuuliza.

"Huwa anaziba masikio?"

"Si kila mtu anaziba, daktari?"

"Hapendi kutazamwa machoni?"

"Nani anapenda?"

Daktari aliweka kalamu chini, akamtazama, kisha akahamishia macho dirishani. Alimwomba Waridi arudi peke yake, wazungumze habari zake mwenyewe. Baada ya mazungumzo mengi alimwambia kwa upole, "Mwanao ana usonji, mama Nasreen. Na wewe pia. Si wazimu wala si jini. Mmezaliwa mkiisikia dunia kwa namna yenu."

Waridi alirudi sokoni kwa miguu. Alimkumbuka mwalimu wa darasa la tano aliyemchapa kwa kutomtazama usoni, hadi akaacha shule. Kumbe hakikuwa kiburi. Alitamani kumwambia mtu, lakini nani? Mrisho peke yake ndiye aliyeweza kukaa naye kimya, na Mrisho alikuwa chini ya udongo. Akafungua kizimba, akayaambia makoti.

Siku ya hitima watu walijaa uani kwa Waridi. Dua ilipokwisha, Badria alisimama mbele ya mzee Abdulmalik, ami wa marehemu Mrisho, akadai mtoto.

Waridi aliinama. "Shikamoo, ami. Mwanangu ana usonji. Na mimi ninao. Daktari ndivyo alivyosema."

"Mmesikia kwa kinywa chake," Badria alisema. "Mgonjwa atamuuguza mgonjwa?"

Mara kipaza sauti kilichosomewa dua kikapiga mluzi mkali. Nasreen alianguka, akajigonga kichwa sakafuni. Wanawake wakamkimbilia. Huyu akamshika miguu, yule akammwagia maji, mwingine akamsomea dua masikioni. Kila mkono ulioongezeka ulikuwa kuni motoni. Badria alimkumbatia kwa nguvu, mtoto akamng'ata.

"Mwacheni," Waridi alisema, na hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti ambayo hata mwenyewe hakuwahi kuisikia. "Mwacheni. Zimeni hicho kipaza sauti."

Aliingia chumbani, akatoka na koti zito la sufu.

"Utamuua kwa joto, wifi," Badria alisema.

Waridi alilikunjua koti. Alimfunika mtoto, kisha naye akalala sakafuni kando yake, mbele ya wakwe, bila kumgusa wala kumsemesha. Mtu akazima kipaza sauti. Chini ya koti kilio kikawa mguno, mguno ukawa pumzi. Kikatoka kiganja kidogo, kikashika kifungo cha gauni la mama.

Badria alitazama alama za meno mkononi mwake. "Umejuaje?"

"Nilikuwa nikijificha chini ya magunia ya marehemu mama. Kila mara watu walinitoa kwa nguvu."

Mzee Abdulmalik alikohoa. "Mtoto anabaki kwa mama yake."

Badria hakupinga. Pilau ikapakuliwa, watu wakala kwa makundi wakinong'ona, na hakuna aliyekwenda kukaa na Waridi. Ni Badria tu aliyekuja, akatua sahani sakafuni taratibu, isigonge, akaondoka. Waridi akabaki pale chini na mwanawe, akisikiliza pumzi zake. Wote waliojaa uani siku ile walikuwa wameutazama mtungi kwa miaka. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata.